Sumu Haimo Kwenye Pipi

Leo tuna jambo ambalo wengi wetu hapa nyumbani tumeliona kwenye filamu tu, lakini ndugu zetu walioko Louisville, Boise, Des Moines na Minneapolis linawabishia hodi mlangoni kila tarehe 31 Oktoba: Halloween. Jioni hiyo watoto wa Marekani huvaa mavazi ya mazimwi, mifupa, wachawi na mashujaa wa katuni, hushika vikapu vya mfano wa boga, wakapita nyumba hadi nyumba na tishio la mzaha: nipe kitu kitamu, la sivyo nakufanyia kituko. Mwenye nyumba anajidai kuogopa, anawatilia pipi, au peremende kama wasemavyo wenzetu wa Kenya, na kundi linahamia kwa jirani. Asili ya desturi hii iko kwa wahamiaji wa Ireland na Scotland. Ilianza kuenea Marekani kwa sura hii katika miaka ya 1930, ikalala wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari ilipokuwa ya mgao, ikaamka tena, na sasa Wamarekani huigharamia zaidi ya dola bilioni 10 kwa msimu mmoja. Familia ya Kikongo iliyokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na tano, ikashushwa na ndege Kentucky mwezi Agosti, inakutana na kelele hizi kabla haijajua hata basi la kwenda sokoni. Mtoto amerudi na karatasi kutoka shuleni, anataka vazi la buibui, na mzazi ana swali moja: je, huko nje ni salama?

Jibu langu ni kwamba ni salama kuliko wanavyosema, isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo ndipo panapozungumzwa kidogo. Wamarekani wamefundishana kwa miongo kadhaa kuiogopa pipi. Kinachoua watoto usiku ule ni gari.

Tuanze na pipi, tena tuanze jikoni kwenyewe. Ni saa 2 au saa 3 usiku, watoto wamerudi, viatu vimetupwa mlangoni, rangi ya usoni imechujuka kwa jasho. Mfuko unapinduliwa, pipi zinamwagika mezani. Kabla mtoto hajagusa hata moja, mzazi anaketi chini ya taa na kuanza ukaguzi: karatasi hii ina tundu, weka kando; chokoleti hii imefunguka pembeni, tupa; tufaha hili limetoka kwa nani, tupa bila kuuliza. Anayesakwa pale ni mtu asiye na jina wala sura, jirani mwenye roho ya kichawi aliyeficha wembe ndani ya tunda au aliyechovya pipi kwenye sumu ili amuue mtoto asiyemjua, bila kisa wala faida. Mtu huyo amesakwa kwa zaidi ya miaka 60. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, naye amemsaka kwa njia yake: tangu miaka ya 1980 amekuwa akipekua taarifa za magazeti kuanzia mwaka 1958 na kufuatilia kila kisa kiliishia wapi baada ya vichwa vya habari kupoa. Hajapata hata mtoto mmoja aliyeuawa au kuumizwa vibaya na pipi iliyotolewa na mtu baki kwa yeyote atakayebisha hodi. Alichokuta kwa wingi ni uzushi, na mara nyingi wazushi ni watoto wenyewe, waliochomeka pini kwenye pipi yao kisha wakakimbia kumwonyesha mama.

Hofu hii, hata hivyo, haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1970, jijini Detroit, mtoto wa miaka 5 alifariki kwa heroini, na nchi nzima ikaambiwa kuwa heroini ilikuwa kwenye pipi za Halloween. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana kwamba mtoto aliikuta kwa ndugu yake wa karibu, na unga ulinyunyizwa kwenye pipi baadaye ili kuficha ukweli. Miaka minne mbele, Texas, mtoto wa miaka 8 alikufa baada ya kula unga wa pipi uliochanganywa na sianidi. Kisa hiki ni cha kweli kabisa, isipokuwa mwenye mkono ule hakuwa mtu baki. Alikuwa baba mzazi, aliyekuwa na madeni na aliyekuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Ili ionekane kazi ya mwendawazimu fulani wa mtaani, aliwagawia pipi ile ile binti yake na watoto wengine. Mmoja wao alikutwa kitandani, usingizini, amekishika kirija cha pipi mkononi: vidole vyake vilishindwa kung'oa pini za stepla zilizokifunga. Kushindwa huko ndiko kulikomwokoa. Baba aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 1984, kwa hukumu ya kifo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini si hilo taifa lililolikumbuka. Lilikumbuka sumu, likamsahau baba. Halafu ikaja vuli ya 1982, watu 7 wa Chicago na vitongoji vyake wakafa kwa kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu ambaye hajawahi kufikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Halloween ilikuwa mwezi mmoja tu mbele. Kuanzia hapo, mzazi ambaye hakuhakiki mfuko alionekana mzembe.

Taasisi nazo zikaitikia. Hospitali katika miji mingi zilijitolea kupiga eksirei mifuko ya pipi bila malipo, na familia zikapanga foleni usiku wa baridi watoto wakiwa wamevaa mikia na mapembe. Mtu akitafakari kidogo ataona kasoro: eksirei huona wembe, haioni sumu, na sumu ndiyo iliyokuwa imeua. Lakini foleni ilikuwa inatuliza moyo, na kutuliza moyo nako kuna soko lake. Polisi hawakubaki nyuma. Mwaka 2018, kaunti ya Butts, jimbo la Georgia, askari walisimika vibao vya kukataza watoto kubisha hodi mbele ya nyumba za watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya kingono. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikasema vibao hivyo vilikiuka katiba. Sisemi kosa hilo ni dogo, hakuna zito kama hilo. Nauliza tu kama usiku ule unaliongeza. Watafiti walioongozwa na Mark Chaffin walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa makosa ya kingono zaidi ya 67,000 dhidi ya watoto, yaliyofanywa na watu wasio wa familia zao katika majimbo 30 kati ya 1997 na 2005. Halloween haikutofautiana na siku nyingine yoyote ya msimu ule. Askari mmoja aliyepangiwa kulinda kibao ni askari mmoja aliyepungua kwenye kivuko.

Sasa twende huko kwenye kivuko. Daktari John Staples wa Vancouver, Kanada, akishirikiana na wenzake wawili, alichukua kumbukumbu za vifo vya barabarani za serikali ya Marekani kuanzia 1975 hadi 2016, yaani Halloween 42 mfululizo. Wakahesabu watembea kwa miguu waliouawa na magari kati ya saa 11 jioni na saa 6 usiku wa tarehe 31 Oktoba, kisha wakalinganisha na saa zile zile wiki moja kabla na wiki moja baada. Jioni 42 za Halloween zilikuwa na vifo 608. Jioni 84 za kulinganishia zilikuwa na vifo 851. Gawanya mwenyewe: zaidi ya watu 14 kwa jioni ya Halloween, watu 10 kwa jioni ya kawaida. Hatari imepanda kwa asilimia 43. Hiyo ni kwa watu wa rika zote, walevi wanaotoka kwenye sherehe wakiwemo. Ukiwaangalia watoto wa miaka 4 hadi 8 peke yao, hatari haikupanda kwa asilimia, ilipanda mara 10. Na saa iliyokuwa mbaya kupita zote ilikuwa karibu na saa 12 jioni. Si usiku wa manane, si saa za mazimwi. Ni magharibi, saa ambayo mtu anatoka kazini akiwaza chakula.

Atakayesikia hesabu hii kwa makini atanishika hapa: usiku ule watoto wengi wako barabarani, basi si ajabu wengi wakagongwa, hesabu haionyeshi kwamba hatua moja ya Halloween ni hatari kuliko hatua moja ya Jumanne. Ni kweli, na siipingi. Lakini pingamizi hilo linaishia kunisaidia mimi. Ajali nyingi za barabarani huja bila taarifa, na ndiyo maana ni vigumu kuzizuia. Hii ina kalenda. Tunajua tarehe, tunajua saa, tunajua hata mitaa, kwa kuwa kila mji una mitaa yake inayosifika kwa ukarimu ambako watoto hujazana. Mto ukifurika tarehe ile ile kila mwaka, hakuna mtu atakayejibu kwamba ni kwa sababu tu maji yalikuwa mengi.

Hebu tuisogelee barabara yenyewe. Mtaa wa kawaida wa Marekani una nyumba pande zote mbili, magari yameegeshwa kando mfululizo, na katikati njia pana iliyonyooka inayomshawishi dereva akanyage mafuta. Mtoto wa miaka 6, aliyevaa joho jeusi la popobawa lililotengenezwa kwa ajili ya kaka yake, amemaliza baraza la mkono wa kulia. Ng'ambo kuna nyumba imetundika taa za rangi ya machungwa, na tetesi zimeshafika kwamba pale wanatoa chokoleti nzima, si kipande. Haendi hadi kona kwenye mistari ya pundamilia. Kona iko mbali na chokoleti iko hapa. Anapenya kati ya magari mawili. Kimo chake hakifiki juu ya boneti. Barakoa ina matundu mawili madogo ambayo kila akikimbia yanahama, moja linaelekea pua, jingine linaelekea sikio, na pembeni haoni kitu. Dereva anayekuja anaona gari, gari, gari, halafu kitu cheusi mbele ya taa. Hata kama mtoto angesimama na kuangalia kushoto na kulia, jicho lake lingemdanganya. Watafiti wa Royal Holloway, Uingereza, wakiongozwa na John Wann, waliwapima watoto wa shule ya msingi na kukuta kwamba uwezo wa kutambua kitu kinachokuja kwa kasi haujakomaa katika umri huo: gari likizidi takriban kilomita 40 kwa saa, mtoto hawezi kutegemewa kuona kwamba linamkaribia. Si ukaidi wala utundu. Ubongo haujafika.

Ndiyo maana sina imani kubwa na ushauri unaotolewa kila Oktoba, ambao karibu wote unamwelekea mtoto: vaa nguo nyeupe, bandika karatasi inayong'aa ikimulikwa na taa za gari, shika tochi, usikimbie, vuka kwenye kivuko. Ushauri wenyewe si mbaya. Tochi inasaidia, na rangi za usoni ni bora mara nyingi kuliko barakoa, kwa sababu haziwezi kuteleza zikafunika macho. Joho linaloburuzika lipunguzwe upindo, kwa ajili ya kujikwaa na kwa ajili ya mishumaa wanayoiwasha ndani ya maboga barazani. Lakini tukiishia hapo tumempa mtoto wa miaka 6 kazi ya kumzuia mtu mzima mwenye chombo cha kilo 2,000. Shirika la utafiti la AAA la Marekani lilikadiria mwaka 2011 kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari lililo katika mwendo wa kilomita 37 kwa saa ana hatari ya kufa ya mtu mmoja kati ya kumi. Likiwa kilomita 68, ni nusu kwa nusu. Kati ya mwendo wa kwanza na wa pili hakuna karatasi ya kung'aa inayobadilisha chochote. Kinachobadilisha ni mguu wa dereva, na umbo la barabara linaloulazimisha mguu huo.

Na katika hili, msikilizaji, sisi tuna la kuwaeleza. Hapa Dar es Salaam, kwenye shule za msingi zilizokuwa na majeruhi wengi, shirika la Amend halikutosheka na kuwaimbia watoto nyimbo za usalama. Lilikwenda na saruji: njia za watembea kwa miguu, matuta, vivuko, vizuizi vya kulizuia gari lisipande anakopita mtoto, hata lango la shule likahamishwa pale ilipobidi lisitazamane na barabara kuu. Majeruhi wa barabarani walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na kituo cha WRI Ross. Somo halikutegemea utajiri wala theluji wala maboga. Watoto walibaki kuwa watoto, barabara ndiyo iliyobadilishwa.

Wapo watakaosema: sawa, barabara ina hatari, lakini kukagua pipi kunagharimu nini? Dakika tano tu. Kwa nini tusifanye yote mawili? Tufanye, kwa sababu zilizo za kweli. Mtoto wa chini ya miaka 4 anaweza kupaliwa na pipi ngumu ya mviringo. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuzidiwa na kipande kidogo cha chokoleti, na kwa ajili yake siku hizi baadhi ya nyumba huweka barazani boga lililopakwa rangi ya kijani-bluu, ishara kwamba pale kuna vitu visivyo vya kula, kama stika na penseli. Kuna pia hili la pipi za bangi, ambazo zinauzwa kihalali katika majimbo mengi na kwa sura hazitofautiani na za watoto. Polisi huonya kila mwaka kwamba zitagawiwa mlangoni. Takwimu za vituo vya sumu vya Marekani zinaonyesha kwamba taarifa za watoto wa chini ya miaka 6 waliokula bangi ya namna hiyo zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021. Ongezeko la kutisha. Ila zaidi ya tisa kati ya kumi zilitokea ndani ya nyumba, kabatini, kwenye pochi ya mtu mzima, mezani sebuleni. Hizo hazikugawiwa na jirani. Nani ampe bure mtoto asiyemjua kitu alichokinunua ghali? Tunarudi kule kule Texas na Detroit. Basi kagua mfuko, lakini ujue unatafuta nini. Na gharama yake halisi si zile dakika tano. Ni kwamba mzazi aliyekagua anahisi ameshatimiza wajibu wa ulinzi, na ameutimiza saa 3 usiku, saa tatu nzima baada ya hatari kupita.

Mwingine atasema vifo vinne vya ziada kwa mwaka, katika taifa la watu zaidi ya milioni 300, si kitu cha kukalia kikao. Namheshimu anayesema hivi, kwa kuwa ndiye pekee anayetumia namba kupunguza hofu. Ni kweli mtoto wako mmoja, jioni hii moja, kuna uwezekano mkubwa atarudi na meno yake na chokoleti yake. Kwa sababu hiyo sijasema desturi ipigwe marufuku, na simuelewi anayetaka ifutwe kwa sababu ya hatari. Hoja yangu ni ndogo kuliko hapo: tukiwa tumeshaamua kutumia nguvu, muda na askari kwa ajili ya usiku ule, na Wamarekani wameshaamua, tuzipeleke panapokufa watu.

Kuna hatari moja ya mlangoni ambayo siwezi kuipita kimya, hasa kwa wasikilizaji wetu wageni kule. Oktoba 1992, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikosea nyumba akielekea kwenye sherehe ya Halloween huko Baton Rouge, Louisiana. Mwenye nyumba alimwelekezea bunduki na kumwamuru asimame. Kijana hakuielewa amri ile, akaendelea kusogea, akapigwa risasi. Mahakama ya jinai ilimwachia huru aliyefyatua. Kisa hicho hakikuhusu kuomba pipi na hakijawa desturi, lakini kinafafanua kanuni ambayo Wamarekani wanaijua bila kuambiana, na mgeni hana wa kumwambia: nyumba inayokaribisha huwasha taa ya barazani, nyumba yenye giza hupitwa. Huendi uani, huchungulii dirishani, huingii ndani hata ukikaribishwa. Mwenye umri wa kijana, mrefu, mwenye barakoa kamili, usiku umekwenda, aivue barakoa anapobisha. Kwetu hodi inabishwa na mtu anasubiri. Kule taa ndiyo hodi.

Kwa kuliepuka gari, makanisa na shule nyingi sasa hufanya kitu kingine: watu wanaegesha magari uwanjani, wanafungua buti zilizopambwa, na watoto wanapita buti hadi buti wakiokota pipi. Gari limesimama, mtoto anatembea. Kwa hoja yangu ningepaswa kupiga makofi. Napiga, lakini kwa mkono mmoja. Mtaa ambao watoto wameukimbia jioni moja iliyobaki ya kuutumia unabaki kuwa mali ya madereva, na mwaka unaofuata unakuwa wa hatari zaidi kwa yule mtoto mmoja ambaye familia yake haina gari la kumpeleka uwanjani. Huyo, mara nyingi, ni mtoto wa mgeni. Njia ninayoiona bora ni ile ambayo baadhi ya miji imeshaijaribu: kufunga mitaa michache kwa magari, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, mara moja kwa mwaka. Vizuizi vya mbao, vijana wawili wenye fulana za kung'aa, basi. Nchi hiyo imewahi kufanya makubwa zaidi yaliyougusa usiku ule: sheria ya nishati ya 2005 ilisogeza mwisho wa saa za kiangazi, yaani msimu ambao saa husogezwa mbele, hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na tangu 2007 Halloween inapata saa moja zaidi ya mwanga. Watengenezaji pipi walikuwa wameushawishi mji wa Washington kwa miaka mingi juu ya jambo hilo, na si kwa kuwahurumia watoto peke yake. Kama serikali inaweza kulichelewesha jua kwa taifa zima, inaweza kufunga mtaa mmoja.

Najua kuna wasikilizaji, Wakristo na Waislamu, ambao tangu nianze wanasema haya yote ni mambo ya mizimu na dawa yake ni mtoto kubaki ndani. Uamuzi huo ni wa mzazi, nami siuingilii. Ningewakumbusha tu kwamba kuzunguka nyumba kwa nyumba si uzushi wa Halloween: ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanajua usiku wa Karankasho, katikati ya Ramadhani, watoto wanapopita milangoni wakiimba na kujaziwa karanga na pipi, na wa Unguja wanajua mtoto anavyozunguka kwa jamaa siku ya Idd akidai chake. Mwanga wa gari hauulizi ni sikukuu ya nani.

Limebaki swali ambalo kila mzazi wa kule huliuliza: nimfuate mtoto mpaka umri gani? Wa miaka 4 hadi 8, ambao ndio walio kwenye ile hesabu ya mara 10, hawatembei peke yao, wala hawaachwi kwa dada wa miaka 10, kwa sababu dada naye jicho lake halijakomaa, tena usiku ule mawazo yake yako kwenye kikapu chake. Wamalize upande mmoja wa mtaa mzima, kisha wavuke mara moja kwenye kona, wakiwa wameshikwa mkono, badala ya kwenda ng'ambo na kurudi kama uzi wa fundi cherehani. Mwenye gari asiyekuwa na mtoto asiwashe injini kabla ya saa 2 kama safari inaweza kungoja. Wa miaka 11 au 12 atakwambia umemwaibisha mbele ya wenzake, na atakuwa anasema kweli. Muache atangulie na kundi lake. Wewe fuata hatua ishirini nyuma, na tochi yako, ukijifanya unazungumza na simu, lakini tembea upande wa barabara.